Hewa ya Chikongola

Usinitazame mimi, tazama cheche,
alisema Somoe Nandonde siku ya kwanza,
akanishushia mwenyewe kioo cheusi usoni.

Bamba la chuma, milimita nane,
duara la kukaangia korosho, la mama mmoja wa Nanyamba.
Athi imebanwa. Kompresa inakoroma pembeni;
asubuhi tuliifungua koki ya chini, ikatema maji.
Hewa yetu hii ina jasho.
Ikipita mbichi, nozeli haifiki saa sita.

Kisha kidole.
Mwali mdogo ukachungulia, ukatafuta,
ukagusa chuma, ukaona njia ya kurudi kwao,
na hewa ileile inayokausha kanga za jirani
ikapasuka: si hewa tena, wala si moto,
kitu cha buluu chenye haraka.

Chuma hakikukatwa. Kiliyeyushwa, kikapulizwa,
kikamwagika chini ya meza
kama mvua iliyokosea rangi.

Nikaenda mbio, cheche zikanirukia kifuani.
Nikazubaa, mavi ya chuma yakaning'inia ukingoni.
"Nenda kama unamnywesha mtoto uji," akasema,
naye hana mtoto.

Baba alikuwa akikata bamba kama hili
tangu Jumatatu hadi adhuhuri ya Jumanne,
viganja vimevimba, hataki kusemeshwa.
Mimi dakika mbili tu,
na umeme ukazimika
vidole viwili kabla duara halijafunga.

Tukakaa. Bamba likawa linaalika, tik, tik, likipoa.
Somoe akanyoosha mkono ukutani,
akaupangusa kutu msumeno,
akanipa.