Nusu Lita

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro, nimefunga faili la mwisho:
kontena mbili za vigae, moja ya matairi,
na maziwa ya unga ya tajiri mmoja wa Kadutu
anayenipigia kila asubuhi kana kwamba ng'ombe ni mimi.
Miaka minne mhuri wangu unapeleka vitu nyumbani.
Vinapita Morogoro, vinapita Rusumo, vinaingia Bukavu.
Mimi nafika Buguruni.

Zaituni wa meza ya pili akaniuliza: Nabintu,
mtu gani anakaa Dar miaka minne
na bahari anaijua kwa harufu ya bandarini tu?
Nikamjibu, kesho niko naenda.
Akaicheka hiyo "niko naenda" yangu, kama desturi,
akaniazima khanga mbili na kofia ya ukili.

Pantoni ya Magogoni ni safari fupi.
Niliipanda na kikapu na koti la mvua, kama mtu anayehama,
nikashuka kabla karanga hazijaisha.
Mjimwema: chumba chenye feni inayotetemeka,
chandarua kilichozibwa tundu kwa plasta ya kidonda,
na karatasi ukutani, MGENI ASIKAANGE SAMAKI CHUMBANI.

Nikavua viatu.
Kwetu ziwa limetulia, lina kina kuliko hasira;
unachota, unasuuza sufuria, unaondoka, halikufuati.
Hii ilinijia mbio, ikanishika vifundo vya miguu,
ikarudi kama iliyosahau kitu,
ikaja tena.
Nikaonja. Nilijua, nani asiyejua?
Ila kujua hakuna ulimi.

Mbali, meli saba zimetia nanga, zinangoja zamu.
Nilikuwa nimeapa kutohesabu.
Ya tatu kutoka kushoto, yenye mkanda mwekundu,
naijua kwa jina, kwa namba, kwa siku ilizochelewa:
tumboni mwake mna pikipiki arobaini za Mzee Cikuru.
Nikaipa mgongo, nikaagiza kibua.
Kijana akaleta kibua, ndimu, na swali:
Dada, wewe Mrundi?
Nikasema ndiyo.
Wikiendi sifanyi kazi ya kujieleza.

Jioni mama akapiga.
Nikainyoosha simu kuelekea mawimbi, mkono mpaka ukachoka.
Mvua kubwa huko, akasema. Umeanua nguo?
Si mvua, mama.
Ni nini basi?
Nikatafuta neno katika lugha yetu, neno la maji haya,
nikapata lile lile la ziwa.
Nikasema, ni ziwa, mama, ila limetiwa chumvi.
Akanyamaza. Nani alitia? akauliza.

Usiku feni ilikuwa inasema Septemba, Septemba,
mwezi ambao kibali changu cha kazi kinakwisha.
Nikaizima. Nikalala na joto.

Jumapili, kabla ya foleni ya pantoni,
nilijaza chupa ya nusu lita, nikakaza kifuniko kwa meno.
Jumatatu Zaituni almanusura ainywe.
Jumanne nikampa Mushagalusha, dereva wa vigae.
Yeye ni mtu wa makaratasi, akatoa kalamu:
Niandike nini?
Andika maji.
Thamani?
Hapo nilikaa kimya kuliko inavyomfaa mtu wa forodha.
Andika hamna.

Siku kumi na moja zikapita, mama akapiga.
Mzigo umefika. Nusu wameonja majirani,
mtoto wa Nabami ameitema ukutani,
na iliyobaki ameimimina kwenye sombe
ili aielewe vizuri.
Sombe halikulika.
Bahari yenu hiyo, akasema, haina kipimo.
Halafu, kwa sauti ya chini,
akaniuliza tena kama nguo nilizianua.