Upande wa Kulia

Wa kutu hawaji Oktoba.
Oktoba huja wa mafuta, wachangamfu,
wanatupa funguo mezani, wananunua kahawa ya mashine,
wananiita Huguette kana kwamba tulinyonya ziwa moja.
Wa kutu huja Aprili,
theluji ya Matane ikishayeyuka,
gari likishaoshwa mara ya kwanza
na chumvi ikishasema iliyoyafanya gizani.

Nina daftari lao, jalada la kijani.
Siandiki "malalamiko"; bosi halipendi neno hilo.
Naandika tarehe, namba ya gari na alichosema mtu
kwa maneno yake, matusi yakiwemo.

Miaka kumi na tisa kwenye dirisha hili:
usijibu kabla hajamaliza.
Usimwambie chumvi ya mwaka huu ilizidi,
hata kama ilizidi.
Toka nje. Piga magoti kwenye tope.
Tazama anachokitazama.
Wasemao mteja ni mfalme
hawajamwona mfalme midomo ikimtetemeka
kwa kuwa gari ni la marehemu mkewe.

Philias Gendron alikuja Jumanne.
Hakupiga kelele. Wapiga kelele nawaweza.
Alitoa bisibisi mfukoni,
akaigusisha chini ya mlango wa kulia, taratibu,
kama mtu anayepima keki iwapo imeiva.
Ikazama hadi mpini.
"Nililipa," akasema. Basi.

Nikagonga upande wa kushoto: ngo! ngo!
Chuma kizima, kinaitika.
Nikagonga kulia, hakikuitika kitu,
yakanimwagikia tu kiganjani magamba ya rangi ya chai.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya gari ni rangi.

Nikarudi ndani, nikafungua kitabu cha kazi.
Oktoba kumi na saba. Fundi: Yvan.
Matundu ya kupulizia, kushoto: manane.
Kulia: peupe.

Siku hiyo hospitali ilipiga simu,
mimi niliipokea.
Mimi nilimwita Yvan achomoke chini ya gari
(wiki ya thelathini tu, na mkewe yumo leba),
nikamsukuma mlangoni na mafuta yake mikononi,
mwanangu,
kisha nikaichukua risiti ya Gendron
nikaigonga muhuri: KAZI IMEKAMILIKA.

Kando ya kiwiko changu zipo fomu zilizochapwa tayari.
"Kutu ilikuwapo kabla ya huduma."
Mahali pa jina, mahali pa sahihi.
Na si uongo mtupu; msimu mmoja wa baridi
hautoboi chuma kiasi kile.
Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Nilichukua moja. Nikairudisha.

"Upande huu haukupulizwa, Bwana Gendron.
Muhuri ni wangu."

Akaniuliza kwa nini.
Sikumwambia habari za hospitali,
wala za mjukuu, ambaye sasa ana jino moja.
Sababu haizibi tundu.
Nikamwambia tutakata, tutachomelea, tutapuliza pande zote mbili,
na hatatoa hata senti.
Bosi nitaonana naye Ijumaa, siku ya mshahara.

Akaiweka bisibisi mfukoni,
akauacha ufunguo mezani, akiuelekeza kwangu,
akaenda kununua kahawa.

Mashine ikameza sarafu yake.
Akaipiga kofi mara mbili. Akageuka, akanitazama.

Nikafungua daftari la kijani.