Dirisha la Pili

Jumatatu. Theluji imegeuka tope mlangoni.
Mimi ni Dirisha la Pili, ofisi ya sherifu,
kaunti ya Harlan Fork, nyanda za ngano, kaskazini mwa Marekani.
Dirisha la Kwanza ni leseni za mbwa.

Kwangu huja walioamriwa na mahakama:
wa ngazi ya kwanza mara moja kwa mwaka,
wa tatu kila siku tisini,
mpaka kaburi liwafutie jina.
Nauliza: unalala wapi? Gari rangi gani?
Umejichora wapi tangu tuonane?
Hujibu wakiutazama msumari
ilipokuwa saa ya ukutani.

Leo mbele yangu ni Ottilie Brandvold,
koti la mumewe, simu mkononi,
ramani imejaa nukta nyekundu kama surua.
"Nisomee," anasema.

Namsomea.
Hii, karibu na ghala la ngano, ni ya mtu.
Hii ni ya nyumba tu; mtu alihama Oktoba,
akahamia bibi kizee na ndege wake wa kizimbani,
na usiku wa pili jiwe likapita dirishani.
Ndiyo maana chini, kwa herufi za sisimizi, tumeandika:
usiitumie orodha hii kumdhuru mtu.
Hakuna anayeshuka mpaka huko chini.

Hii isiyo na nyumba ni hema chini ya daraja.
Sheria ya mji wetu ni futi elfu moja kutoka shule,
zilizopimwa kama arukavyo kunguru,
si kama atembeavyo mtoto.
Nilizisukuma mwenyewe kwa gurudumu la kupimia,
Julai, kofia kichwani,
mpaka hapakubaki mji, palibaki daraja.
Ng'ambo ya mto ni kaunti nyingine:
wao hupima kutoka getini, sisi kutoka ukutani.
Wa ngazi ya kwanza kwao hawaonekani kwenye ramani.
Si kwamba hawapo.

Ananisikiliza kama mtu anayengoja treni ya mizigo ipite.
Kisha: "Nitafutie Verlin Stroud."

Naandika. Hakuna.
"Kwa e, si kwa i."
Hakuna.
Naongeza kaunti za jirani, naongeza jimbo zima,
naweka herufi tatu za mwanzo na kuiachia mashine ikisie.
Inaniletea Verna, marehemu.
"Hayupo," namwambia,
na sauti yangu inatoka na furaha ya kijinga,
ile ya daktari aliyekuta kipimo safi.

"Najua hayupo," anasema Ottilie.
"Nakuja kila Machi. Mwaka jana alikuwepo kijana mwenye miwani.
Nilikuwa na miaka tisa.
Alikuwa akinifundisha kinanda, sebuleni kwetu,
mama akimkaangia viazi."

Dirisha la Kwanza, mbwa anabweka.

Miaka kumi na moja nimekaa hapa
nikiwafundisha watu kusoma nukta,
na ramani yangu huonyesha mtaa.
Haionyeshi nguo. Kinacholiwa ndani ya nguo
hakina anwani, hakina namba ya gari,
kila Krismasi kinaletewa kiti.

Sikumwambia pole. Ingeanguka kaunta kama sarafu.
Nilivuta droo ya chini, ya fomu za manjano,
zile zisizo na ramani.
Nikamwambia ninachojua na nisichojua:
huenda muda wa kushtaki umepita, huenda haujapita,
hilo ni la mwendesha mashtaka, ghorofa ya juu, Bi. Haugland,
ambaye ana mlango unaofungika, na viti viwili.
Kuandika si lazima leo.
Jina likiandikwa hapa haliwi nukta.
Lakini litakuwa limeandikwa.

Kalamu yetu imefungwa kwa mnyororo mfupi,
watu huiba kalamu hata kwa sherifu.
Aliivuta, haikumfikia.
Basi nikaigeuza karatasi,
nikaisukuma chini ya kioo
mpaka ukingoni kabisa, upande wake.