Sekunde Tisa

Studio yetu ilikuwa stoo ya viti vibovu.
Ukutani trei za mayai, mia mbili na kumi,
tulizihesabu siku umeme ulipokatika
na Bwana Wabwire akatukataza kutoka:
"Mtangazaji hukaa na giza lake."
Trei moja bado ina unyoya.

Kamera ni moja, sisi kumi na mmoja.
Mguu wake wa tatu umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Muhula wa kwanza Anguyo alikuja na shati la kijani
mbele ya pazia la kijani,
tukamwona kwenye skrini: kichwa na viganja viwili
vikielea juu ya picha ya maporomoko,
vikisoma bajeti bila kutetereka.
Alitushinda sote. Hadi leo tunamwita Kichwa.

Mnara wetu ni mfupi.
Sauti inatoka chuoni, inashuka hadi soko la Arua,
inapanda Ediofe ikihema,
inafia mahali fulani kwenye mihogo.
Nami nikapewa taarifa ya Kiswahili
kwa sababu babu alikuwa askari
na nyumbani tuligombezwa kwa lugha hiyo.
"Ayikoru," alisema mwalimu,
yeye mtu wa Busia, mpaka anauvuka hata usingizini,
"Kiswahili chako kimevaa buti.
Kivue. Kinaingia nyumba za watu."

Wiki nzima nilikifungua kamba.
Nilisema tafadhali mbele ya kioo cha bafu la hosteli
mpaka Driciru akauliza namwomba nani.
Nilijifunza kutotamka simama
kama anayesimamisha lori.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.
Kesho mvua, upande wa Maracha.
Ufuta umepanda tena, wakulima wasiharakie kuuza.
Mbuzi mweusi amepotea Oli, ana kengele.
Kisha taa ya simu ikawaka,
na sauti ya mama mtu mzima:

"Wewe binti unayesoma.
Lugha hiyo mara ya mwisho kuingia kwangu
ilikuwa usiku, na haikubisha.
Ilimwita mume wangu kwa majina yake yote.
Leo imeniambia bei ya ufuta."

Akanyamaza. Hakukata.

Tumefundishwa: kimya hewani ni mchwa.
Sekunde tatu tu, msikilizaji kashageuza kitufe.
Weka muziki, weka salamu, weka chochote.
Kidole changu kilikuwa juu ya muziki.
Niliziona buti za babu, zile za chini ya kitanda,
ambazo hakuna aliyewahi kuzitupa
wala kuzipiga rangi.
Nikamtazama Bwana Wabwire upande wa pili wa kioo,
kalamu imemganda mkononi.
Kwenye hedifoni nikasikia kifuniko cha sufuria
kikicheza juu ya maji yanayochemka,
mtoto akiuliza kitu kwa Kilugbara,
akiambiwa asubiri.

Tisa. Niliziona zikipita kwenye saa ya ukutani,
ile ambayo hutangulia dakika nne
na sote tumezoea kuitolea.

"Haya," akasema. "Huyo mbuzi,
kengele yake ni ya shaba au ya kopo?"

Nikapekua karatasi.
"Ya kopo, mama."

"Basi ngoja nikaangalie nyuma ya jiko."

Jumatatu karatasi yangu ilirudi.
Alama tisa zimekatwa, moja kwa kila sekunde,
kanuni ni kanuni.
Na chini kabisa, kwa wino wa rangi nyingine,
mwandiko umeinama kana kwamba aliandika amesimama:
Usiihariri. Niletee nakala.