Wa Kumi na Saba

Buti amezivua, miguu haijapata taarifa.
Saa kumi na moja alfajiri, upepo wa Makambako ukikata masikio,
Sajini Mgaya yuko nje na fagio,
anafagia kibaraza cha duka
ambalo hata rangi yake imechaguliwa na kampuni.

Kijani, walisema. Kijani kilekile, Mafinga hadi Tunduma.
Kitabu cha masharti kina kurasa arobaini:
kofia hii, bei hii, mteja asalimiwe hivi.
Kinyozi wa jirani anacheka:
"Afande, umetoka jeshini ukaingia jeshini!"
Yeye hajibu. Ananyoosha kola.

Mimi mkewe ndiye mwenye daftari.
Kiinua mgongo chote kimo mle ndani, kimesimama safu:
mitungi thelathini ya gesi, bega kwa bega.
Kila asubuhi huihesabu kwa sauti.
Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na nane.
Mwezi wa kwanza nilidhani anakosea,
nikamsahihisha mbele ya wateja.
Usiku ule hakugusa ugali.

Alikuwa kijana wa Ludewa, mpenda vitumbua.
Kongo. Hayo tu ndiyo niliyoambiwa,
nami sikuchokonoa.

Juzi kaja mkaguzi, kalamu sikioni.
Akagonga mtungi mmoja, unang'aa kuliko wenzake:
"Mama, huu tangu Julai hauuzwi. Una kasoro?"
"Hauna," nikamwambia. "Uko lindoni."

Akaipekua fomu yake, mbele, nyuma,
akitafuta kisanduku cha kuweka tiki.