Kiti cha Kumi na Tisa

Tulishuka melini alfajiri, miguu bado inayumba,
usiku kucha kutoka Goma mpaka Bukavu,
wanawake kumi na wanane ndani ya kitenge kimoja
cha rangi ya pilipili iliyoiva,
tulichokinunua kwa mkopo
na mwenye duka angali anatudai.

Miaka sita likelemba yetu ilikuwa njiani kuja hapa.
Kila Jumamosi, franka elfu mbili mbili mezani,
na Balolage akisema: hii moja tutaila kwa macho.
Tukamcheka. Pesa huliwa kwa mdomo, mama,
pesa huliwa kwa karo na kwa dawa.
Akasema: kwa macho.
Akapiga kura peke yake mwaka wa kwanza,
mwaka wa nne tukawa kumi,
mwaka wa sita hakuna aliyekumbuka kwamba alipinga.

Kijana wa kutuongoza aliitwa Cirhuza.
Alikuwa na darubini moja na sauti ya padri.
"Dakika moja kila mtu. Na msiimbe,
ndege wa Muhumba hawapendi kwaya."

Mimi ni katibu. Mkono wangu unajua majina na madeni tu,
basi nikaandika nilivyozoea:

Yangeyange, wanne, wamewahi.
Mnandi, mmoja, amesimama juu ya nguzo, mabawa wazi,
kama mtu anayeonyesha kwamba mifuko ni mitupu.
Mdiria, hajafika.
Mdiria, hajafika.
Mdiria amefika, amening'inia hewani,
anapiga mabawa papo kwa papo, anatazama maji,
Ntakwinja mtupu siku ya mchango akitafuta udhuru,
kisha kajitupa kichwa mbele.
Kalipa.

Zamu ya Mama Nsimire, hakutazama ndege hata mmoja.
Aliigeuza darubini nyuma yetu, juu, kuelekea Kadutu,
nyumba zilizobebana mgongoni mlima mzima,
akaganda hapo dakika yake, na dakika ya mwenzake.
"Kumbe," akasema, "mabati ya huku nayo yana kutu."
Akairudisha, ameridhika.

Saa sita jua likatushusha mezani, karibu na maji.
"Sambaza," nikamwambia mpishi, "za kukaanga, kavu,
na bugali wa muhogo, na ndimu. Sahani kumi na tisa."
Akatuhesabu kwa ncha ya mwiko.
"Ninyi ni kumi na wanane."
"Kumi na tisa. Mmoja amelipa, hakuja."

Alifariki mwezi wa sita, kabla ya mvua kukatika vizuri.
Mchango wake wa mwisho aliuleta mtoto wake wa kiume,
noti zimekunjwa ndani ya karatasi ya sukari,
zinanata.
Sikuzihesabu mbele yake.
Nilizihesabu usiku. Zilitimia.

Basi sahani yake ikakaa kichwani mwa meza,
samaki wadogo kama vidole vya mtoto, macho na mikia,
mvuke ukapanda, ukapungua, ukaisha.
Sisi tulikula. Tulikula vizuri, sitadanganya,
tulilamba chumvi, tuligombania ndimu,
na kila mkono ulipovuka meza uliizunguka sahani ile
kama maji yanavyozunguka jiwe.

Mwewe alitoka kwenye mkalitusi.
Hatukumsikia. Tuliona kivuli kikipita juu ya bugali,
kilemba cha Ntakwinja kikaruka,
kiti kikaanguka, mtu akamwita Bikira Maria,
na sambaza mbili zikawa zinapanda juu ya ziwa
ndani ya kucha za manjano.

Nani alianza kucheka? Labda mimi.
Tulicheka mpaka mpishi akatoka na mwiko wake,
tulicheka mpaka Nsimire akashika mbavu, akalia,
akaendelea kucheka huku analia.
Cirhuza akajipangusa midomo: "Huyo ni mwewe tu.
Wako kila mahali. Msimwandike."

Nikafungua daftari.
Mwewe, mmoja.
Kisha kalamu ikasimama,
kwani sikujua nimweke upande upi,
wa waliolipa au wa waliokula.

Mpishi akanyoosha mkono kuiondoa sahani.
Tukamwambia angoje.