Hesabu ya Alhamisi

Gari letu zamani lilibeba mikate.
Hadi leo, kipasha joto kikianza kuguna,
harufu ya chachu huchomoza kwenye mabati
na wateja hucheka: "Leo mmeoka nini?"

Tunagawa sindano.
Tunagawa pamba, maji ya kuchanganyia, vikombe vya kuyeyushia,
mpira wa kufungia mkono, soksi kama zipo.
Alhamisi, saa moja jioni hadi saa nne,
nyuma ya stesheni ya mabasi ya Kohtla-Järve,
pale kilima cha jivu la mgodi kinapoziba nyota
na theluji iangukayo juu yake haidumu nyeupe.

Ljubov Arkadjevna ndiye mshika daftari.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mhasibu wa mgodi,
na mgodi ulipofungwa hakujua namna ya kuacha kuhesabu.
Hakuna anayemlipa. Hakuna anayetulipa.
Petroli tunachanga; mwezi uliopita
Taavi aliuza baiskeli.

Majina hatuulizi. Kila mtu ana alama:
herufi ya kwanza ya jina la mama, mwaka wa kuzaliwa.
N-88. O-79. V-93, mwenye kikohozi.
Zilizotoka, safu ya kushoto; zilizorudi, kulia,
na Ljubov hupiga mstari kwa rula
kana kwamba mkaguzi anakuja kesho.

Dawa ya kumzindua aliyezidisha haipendi baridi.
Taavi huivaa kifuani, chini ya sweta mbili,
chupa tatu ndogo zimelala katika joto lake.
Mwaka juzi pia alikuwa nazo,
lakini yeye alikuwa garini
na mwanawe alikuwa nyumbani.
Halisemi hilo. Utamwona tu anavyogusa kifua
kila baada ya dakika,
kama mtu anayehakikisha pochi ipo.

Mwanamke wa ghorofa ya pili, yule mwenye mbwa,
hufungua dirisha kila wiki atusomee hukumu:
tunawadekeza, tunawapalilia,
la kuvunda halina ubani!
Ljubov hainui macho.
"Sikuleta ubani, mama. Nimeleta pamba."
Kisha kwangu, kwa sauti ya chini:
"Mia moja na tisa. Andika."

Juma lililopita N-88 alikuja peke yake.
Siku zote huja na O-79, wameshikana mikono,
si kwa mapenzi, kwa utelezi.
Akaweka mezani mtungi wa matango ya chumvi,
matango hayamo, umejaa sindano hadi shingoni.
"Zake. Alizikusanya.
Alisema Alhamisi azirudishe, mtoto asije akakanyaga."

Alizikwa Jumanne.

Lebo bado ilikuwa imebandikwa,
mwandiko wa mtu aliyefunzwa kuandika kwa wino:
Matango. Agosti. Oktjabrina.
Ndipo nilipoijua ile O.

Taavi akageuka, akapanga soksi zilizokwisha kupangwa.
Mimi nilitafuta neno, nikapata pua tu inachuruzika.
Ljubov akavaa glavu nene, akachukua kibano,
akazihamisha moja moja kwenye kisanduku cha njano,
tik,
tik,
bila haraka, na foleni ikangoja kwenye theluji,
hata V-93 akameza kikohozi chake.

Arobaini na sita.

"Niandike kwa nani?" nikauliza. "N-88?"
Akanitazama kama karani aliyepoteza risiti.
"Kwani ni za nani?"
Akaninyang'anya kalamu.
O-79, safu ya kulia: 46.
Ya kushoto akaiacha wazi.
Mstari hakupiga.

N-88 akachukua kumi, na soksi za kijivu.
Mtungi akauomba tena. Tukampa.
Alikuwa ameshashuka ngazi Taavi alipomfuata,
mkono ndani ya sweta, akatoa chupa moja,
akaisukuma chini ya koti la yule kijana
hadi kwenye ngozi.

"Hapo," akasema. "Usiitoe hapo.
Isipoe."